Kona Hula Matofali

Ukuta wa ofisi ya kijiji ulipokamilika, nyumba ya Mama Pindo ilijikuta upande wa ndani.

Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu hata mtu wa kumnunia hakupatikana upesi. Mchoro ulisema ukuta ufike nyuma ya ofisi, ukate kona mbele ya nyumba ya huyu fundi cherehani, umwachie njia yake ya kwenda barabarani, kisha ukate kona nyingine urudi ulikotoka. Lakini fundi uashi alipofika penye kona ya kwanza alisimama, akashika kiuno, akalitazama rundo la matofali yaliyobaki, akalitazama korongo lililo nyuma ya nyumba, kisha akapiga uzi moja kwa moja mpaka ukingoni mwa korongo. Mama Pindo alikuwa barazani anatunga sindano.

"Fundi, mbona hukati kona?"

"Kona hula matofali, mama," fundi alijibu bila kugeuka.

Matofali hayo yaliletwa na lori, yakashushwa mchana kweupe, na kijiji kizima kiliyaona. Kijiji kizima kiliona pia kwamba siku hizohizo Mwenyekiti alijenga banda la kuku ambalo maharusi wangelihamia bila kinyongo. Lilikuwa na lenta ya zege, dirisha la wavu na mlango wa kufuli. Mkutanoni hakuna aliyelitaja. Kisimani walilitaja mpaka mate yakawakauka.

Basi ikawa hivi: mbele ukuta, kando ukuta, nyuma korongo lenye uwezo wa kumeza lori na dereva wake. Katikati ya vyote hivyo ofisi ya kijiji, na mgongoni mwa ofisi, kama mtoto aliyebebwa kwa bahati mbaya, nyumba ya udongo ya Mama Pindo, mumewe fundi baiskeli, mabinti zao mapacha na mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Bibi. Njia ya kutoka ilibaki moja tu: geti la ofisi.

Hilo nalo wangelizoea. Mama Pindo alikuwa mtu wa kuzoea mambo, tena mtu wa watu. Baraza lake lilikuwa limejaa tangu asubuhi, huyu kaleta sketi, yule kaleta umbeya, mwingine hakuleta kitu ila kiti chake mwenyewe. Jina la Pindo alipewa kwa sababu kila nguo ya mtoto aliiachia pindo pana ndani. "Mtoto anakua," alikuwa akisema, "na mama yake hana haja ya kurudi kwangu kununa." Lakini geti lilipata kufuli, kufuli likapata mlinzi, na Katibu wa ofisi akarudi kutoka semina na mfuko wa plastiki.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kadi sita zenye kamba za kijani. Kila kadi iliandikwa kwa herufi nene: MGENI.

"Ofisi zote za kisasa ziko hivi," Katibu alimweleza mlinzi. "Asiye mtumishi akiingia ndani ya ukuta huu ni mgeni. Anavaa kadi. Hata awe mama yako mzazi."

Mlinzi alilichukua neno hilo kama lilivyo, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa Bibi.

* * *

Ndiyo, mlinzi alikuwa shemeji yake Mama Pindo, mdogo wake fundi baiskeli. Alilala chumba cha uani, alikula chungu kimoja na wenzake, na sare aliyovaa ilipunguzwa kiuno na Mama Pindo huyohuyo. Kazi hii aliipata baada ya kukaa bure muda mrefu mno, na aliishika kwa hofu kama yai.

Asubuhi ya kwanza Mama Pindo alirudi kutoka dukani na uzi wake mkononi, akamkuta amesimama wima.

"Shemeji, kadi."

"Kadi ya nini? Si tumetoka kunywa chai sasa hivi? Umeniachia kikombe sijakiosha."

"Kule ndani wewe ni shemeji yangu. Hapa getini sikujui."

"Hunijui?"

"Nakujua, ila sikujui."

Mama Pindo aliipokea kadi, akaivaa, akaivuta kamba kama anayepima shingo. "Sawa. Usiku ukija kula, njoo na ya kwako."

Alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Hakujua bado kwamba kadi zile hazikuwa za kuchekesha. Kadi zilikuwa sita, na nyumbani kwake watu waliopaswa kuzivaa walikuwa watano. Bibi, ambaye miguu yake ilikwishakataa safari, alivalishwa ya kwake akiwa kitandani, kwa sababu Katibu alisema kuwa ndani ya ukuta bila kadi ni kosa, amelala asilale. Ilibaki kadi moja kwa ajili ya kijiji kizima.

Mwenye sketi yake alisimama getini akisubiri kadi. Mwenye kesi ya mpaka wa shamba naye alisubiri kadi hiyohiyo. Mjane aliyetaka barua ya kumpeleka mtoto shule, mzee aliyeibiwa mbuzi, msichana aliyetaka kupimwa gauni, wote walijipanga kwenye jua wakiitazama shingo ya mtu mmoja aliyeko ndani. Wateja wa cherehani ndio waliochoka kwanza. Wakaanza kupeleka nguo kwa fundi mwingine, yule wa karibu na mashine ya kusaga, ambaye hakujua pindo ni kitu gani.

Baraza likawa jeupe. Mama Pindo alikaa na cherehani yake, wakatazamana.

Katibu naye, kwa upande wake, alifurahi. "Mnaona?" alimwambia Mwenyekiti dirishani, na Mama Pindo alimsikia kwa sababu dirisha la ofisi na dirisha la chumba chake yalikuwa yakipumuliana. "Zamani tulikuwa tunapokea watu mpaka tunaumwa kichwa. Sasa kwa siku mmoja, wawili. Kero zimeisha kijijini. Huo ndio utawala."

* * *

Alipoamua kwenda kulalamika, ilibidi atoke getini, arudishe kadi, apange foleni, apewe kadi ileile, aingie tena. Kutoka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwa Katibu watu wangeweza kurushiana kibiriti, lakini Katibu hakupokea mtu aliyetokea upande wa nyuma.

"Karibu mama," alisema, kana kwamba hamjui. "Una shida gani?"

"Katibu, nimefungiwa ndani ya ofisi yenu."

"Hujafungiwa. Umezungushiwa."

"Mimi naona ni kulekule."

Mwenyekiti alikuwa kwenye kochi la kona, anachokonoa meno. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, hodari wa kukubaliana na kila mtu mpaka mtu atoke nje. "Mama Pindo, dada yangu, wewe unadhani sisi tunalala? Tunaumia na wewe. Usiku mke wangu ananiuliza, baba, mbona hugeuki? Namwambia namfikiria Mama Pindo."

"Angekutoa kitandani ungenifikiria vizuri zaidi."

Mwenyekiti alicheka kwa dhati. Katibu hakucheka, alikuwa akipekua meza kutafuta kitu cha kushika. "Sikiliza, mama. Mkubwa wa wilaya anakuja kusikiliza kero za wananchi na kuuzindua ukuta. Yeye mwenyewe, ana kwa ana. Kero yako tumeiweka ya kwanza."

"Ya kwanza kabisa," alisema Mwenyekiti.

"Ila sasa," Katibu aliendelea, "tunahitaji utepe. Mwekundu, unaong'aa. Na vitambaa vya viti vya meza kuu. Na wewe ndiye fundi wetu, uko hapahapa ndani, hata usafiri hatukusumbui."

Mama Pindo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Nishone utepe wa kuuzindua ukuta ulionifungia?"

"Ili upate nafasi ya kuulalamikia," Mwenyekiti alimalizia, kwa sauti ya mtu aliyemfungulia mwenzake mlango.

Usiku fundi baiskeli aliposikia habari hiyo alishusha pumzi. Alikuwa mwanamume wa kupunguza maneno. "Shona tu, mke wangu. Tusigombane na watu tunaopita mlangoni kwao."

"Wao ndio wanapita mlangoni kwetu," Bibi alisema kutoka kitandani. Kadi yake ilikuwa kifuani, kamba imejisokota kwenye ukosi wa gauni. "Baba yenu aliipiga nyumba hii udongo kabla hiyo ofisi haijawa hata banda. Maji ya udongo niliyabeba mimi, nina mimba ya huyo mjinga." Alimwonyesha mlinzi kwa kidevu. Mlinzi aliinamia sahani yake. "Leo mwanangu ananivalisha mgeni. Nikifa mnizike nayo, huko niendako wajue sikuwa na kwangu."

"Mama, ni kazi tu," mlinzi alisema.

"Kula, baba. Sijakwambia usile."

Mama Pindo aliushona utepe. Alikuwa na kipande cha satini nyekundu kilichobaki kwenye gauni la harusi, akakikunja, akakiachia pindo kwa mazoea tu, ingawa utepe haukui.

* * *

Siku ya siku kijiji kilivaa. Turubai lilitundikwa nje ya ukuta, maana kadi zisingetosha watu wote ndani. Spika zilikoroma. Mkubwa wa wilaya alifika na magari yenye vumbi zaidi kuliko barabara, akakaa kwenye kiti kilichovikwa kitambaa cha Mama Pindo, akafuta jasho, akasema amekuja kusikiliza.

Katibu alikwishapanga wa kusikilizwa.

Wa kwanza kushika kipaza sauti alikuwa shemeji wa Mwenyekiti. "Mheshimiwa, kero yetu kubwa ni kwamba unachelewa kututembelea." Makofi. Wa pili alikuwa mwenye duka lililoiuzia ofisi chaki na soda. "Sisi hapa, mheshimiwa, kero yetu ni maendeleo. Yanakuja kwa kasi, hatupati muda wa kushukuru." Makofi zaidi. Mjane wa ile barua ya shule alisimama, akaambiwa muda ni mdogo. Mzee wa mbuzi hakusimama kabisa, alikwishajua.

Mama Pindo aliunyosha mkono mpaka bega likalegea. Kadi ya MGENI ilimning'inia shingoni, kwa kuwa alitoka nyumbani kwake na angerudi nyumbani kwake, na mlinzi alisema akiirudisha katikati ataanza foleni upya. Katibu alimtazama usoni, akatazama mkono wake, akasema kwenye spika, "Kwa kuwa hakuna mwingine, tunaomba sasa mgeni rasmi aelekee getini."

Utepe ulikuwa umefungwa kwenye nguzo mbili za geti. Mkubwa alipewa sinia lenye mkasi wa karatasi wa pale ofisini. Aliuinua, akatabasamu kwa ajili ya picha, kisha jicho lake likapita katikati ya nguzo, likapita ubavuni mwa ofisi, likatua kwenye nyumba ya udongo.

"Na ile?"

Katibu alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alifungua mdomo bila kujua kitakachotoka, kama kawaida yake, na kama kawaida yake kilitoka kile ambacho mwenzake angependa kusikia.

"Ile ni nyumba ya mtumishi, mheshimiwa."

"Mmejenga nyumba ya mtumishi?"

"Kwa nguvu za wananchi."

"Mbona kwenye taarifa yenu hamkuiweka?"

"Hatupendi kujisifu," alisema Katibu, ambaye alipata akili haraka kuliko alivyopata aibu.

Mkubwa aliwageukia watu. Alikuwa ametembelea vijiji vingi ambavyo havikuwa na kitu cha kuonyesha ila choo cha shule, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Ndugu zangu, ukuta ni ukuta tu. Ila kijiji kinachomkumbuka mtumishi, apate pa kulala, hicho ndicho kijiji. Fungueni huo utepe. Tukaufunge pale. Nitaizindua ile nyumba."

Watu walipiga makofi kwa sababu mikono ilikwishazoea, kisha makofi yakaanza kukatika moja moja kadiri kila mmoja alivyoelewa amepigia nini.

Mama Pindo alipiga hesabu. Kufungiwa njia ni jambo moja. Mtu aliyefungiwa njia bado ana mahali anapofika. Lakini nyumba ikishazinduliwa na mkubwa, mbele ya kamera, kwa jina la mtumishi, nani tena ataikataa? Kesho italetwa kufuli, keshokutwa mtu na godoro lake. Alimtafuta mumewe kwa macho. Mumewe alikuwa ameshikilia gurudumu la baiskeli ya mtu, amelikumbatia kifuani.

Mlinzi alilifungua geti lote. Kadi hazikukumbukwa. Umati uliingia.

* * *

Utepe ulifungwa kwenye nguzo mbili za baraza, hapo cherehani inapokaa. Cherehani yenyewe Katibu aliisukuma kando kwa mguu. Nyuma ya utepe mlango ulikuwa wazi, na mapacha walikuwa wamemtoa Bibi kitandani aone mambo. Alikaa kizingitini juu ya kigoda, kadi kifuani.

Mkubwa aliubana utepe kwa mkasi wa karatasi. Satini haikukatika. Alibana tena, mkasi uliutafuna, ukautema. Mpiga picha alishusha kamera. Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi chenye kicheko ndani.

"Mama Pindo," Katibu alinong'ona kwa meno, "mkasi wako. Upesi."

Mama Pindo alipenya katikati ya watu, akainama chini ya utepe, akaingia ndani. Alitoka na mkasi wake mkubwa wa chuma, ule wa kukatia makoti, akasimama kati ya utepe na mlango. Hakuukabidhi.

"Asante, mama," alisema Mkubwa, mkono mbele. "Wewe ndiye mtumishi anayekaa hapa?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni mgeni." Aliinua kadi. "Imeandikwa."

"Unamtembelea nani?"

"Najitembelea mwenyewe. Kila siku. Nakuja kulala, nakuja kupika, asubuhi narudisha kadi natoka. Huyu ni mama mkwe wangu, mgeni pia, ametembelea kitanda chake tangu ukuta uishe. Wale wanangu, wageni. Mume wangu yule mwenye gurudumu, mgeni. Mtumishi yupo mmoja, ni shemeji yangu huyu mlinzi, lakini na yeye hapa hajapanga wala hajapangiwa. Anakula tu."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikazunguka. Mkubwa aligeuka kumtazama Mwenyekiti, lakini Mwenyekiti alikuwa akikagua bati la ofisi.

"Nyumba hii," Mama Pindo aliendelea, "aliijenga baba mkwe. Ulipokuja umekuta geti, ukadhani kila kilicho ndani ya geti ni cha wenye geti. Sikulaumu. Ila kwa utaratibu wa hapa, anayeingia kwa mwenzake huvaa hii."

Aliivua kadi. Akamvisha.

Kadi ilitua kwenye tai ya Mkubwa, imegeuka nyuma mbele, upande mweupe. Na hapo mlinzi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajui asimame upande gani, alifanya lile moja alilokuwa na hakika nalo. Alisogea, akapiga saluti, akaishika kadi kwa vidole viwili, akaigeuza ili maandishi yaonekane.

"Samahani, mheshimiwa. Ionekane mbele."

Umati uliangua kicheko. Bibi alicheka mpaka kigoda kikalia. Mkubwa alilitazama neno lile kifuani kwake. Alikuwa mwanasiasa, aliona watu wote wanacheka, akacheka kuliko wote, na kicheko chake kilipoisha alikuwa ameshaamua kimwangukie nani.

"Mwenyekiti. Ukuta huu ukate kona. Mama apate njia yake."

"Ndiyo, mheshimiwa," Mwenyekiti alisema. "Ila matofali, kwa bahati mbaya, yameisha."

Mahali fulani nyuma ya umati mtu alilia kama kuku anayetaka kutaga. Mwingine akamjibu. Kufumba na kufumbua kijiji kizima kilikuwa kikitetea, wazee kwa watoto, mjane wa barua akiongoza, na Mwenyekiti alitabasamu huku masikio yakimwiva.

"Kuna nini?" aliuliza Mkubwa.

"Ni shangwe, mheshimiwa," alisema Katibu. "Za hapa kwetu."

* * *

Kona haikukatwa. Fundi uashi alirudi na nyundo, akavunja ukuta kiasi cha mtu mmoja na baiskeli kupita, akasema ataulainisha ukingo akipata simenti, akaenda zake. Lakini tundu lilitosha. Kupitia tundu hilo alirudi mwenye sketi, akarudi mwenye umbeya, akarudi na yule wa kiti chake. Wakarudi pia mzee wa mbuzi na mjane, ambao waligundua kwamba ukipita kwa Mama Pindo unamkuta Katibu dirishani bila kadi na bila foleni. Mlinzi aliendelea kulinda geti kwa bidii ileile. Hakuna aliyelipita.

Kilichosahaulika kilikuwa taarifa. Katibu alikwishaituma wilayani kwa simu siku ileile ya uzinduzi, utepe ukihamishwa, kabla makofi hayajapoa: ukuta mmoja, nyumba ya mtumishi moja. Aliulizwa kama ataisahihisha. Akasema taarifa ikishapanda huwa haishuki.

Ndiyo maana mchana mmoja, mvua zikikaribia, alitokea barazani kwa Mama Pindo msichana mwenye viatu vya matope, godoro limekunjwa kichwani na begi mgongoni.

"Shikamoo mama. Mimi ni bibi mifugo mpya. Nimeambiwa nyumba ya mtumishi iko ndani ya ukuta wa ofisi, ilishazinduliwa. Nadhani ni hii."

Mguu wa Mama Pindo uliacha kukanyaga cherehani. Mumewe, ambaye alikuwa anakula, aliweka kijiko. Mtu na godoro lake. Mama Pindo alimwota mara nyingi, lakini katika ndoto alikuwa mwanamume mwenye sauti kubwa, si mtoto wa watu aliyechoka namna hii.

"Marahaba mwanangu. Tua godoro. Kwanza ule."

Msichana alikula. Alisimulia kwamba ofisini kwao wameshafuta posho yake ya kupanga, maana ana nyumba ya serikali. Hakuwa na pa kurudi. Bibi alimsikiliza kutoka ndani, akasema, "Maskini, na yeye ni mgeni."

Fundi baiskeli alimvuta mkewe pembeni. "Tufanyeje? Tukimfukuza ni dhambi, tukimpokea ndiyo tumekubali."

Mama Pindo alifikiri huku akikata uzi kwa meno. Kisha alilibeba godoro kichwani yeye mwenyewe. "Twende, mwanangu. Nyumba yako ipo. Wamekuelekeza tu vibaya."

Walipita tunduni, wakapita njia ya kisimani ambako watu ni wengi, na kila aliyewaona aliacha ndoo akafuata. Walipofika kwa Mwenyekiti walikuwa maandamano.

Mwenyekiti alikuwa uani, anawarushia kuku punje. "Mama Pindo, dada yangu," alisema, macho kwenye godoro. "Kulikoni?"

"Nimekuletea mtumishi. Ametumwa kwenye nyumba yake."

"Lakini nyumba ya mtumishi..." Alitazama watu, akashusha sauti. "Si tulisema iko kule kwako?"

"Kwangu ni udongo, Mwenyekiti. Hata ukigusa utaona. Nyumba ya mtumishi mimi ninavyojua hujengwa kwa matofali ya serikali." Alilitua godoro chini, taratibu, akaliegemeza kwenye ukuta wa banda la kuku.

Safari hii hakuna aliyelia kama kuku. Wote walilitazama banda. Bibi mifugo, ambaye hakujua chochote, alilisogelea banda, akachungulia kwenye wavu, akagonga tofali kwa kidole kama alivyofundishwa chuoni.

"Banda zuri sana," alisema kwa moyo safi. "Hili nimeliona kwenye vitabu tu. Mlipata wapi matofali ya namna hii?"

Mwenyekiti alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, hakikutoka kitu.

Aliyejibu alikuwa mkewe. Alitokea jikoni anafuta mikono kwenye kanga, mwanamke mkavu, asiye na maneno mengi, ambaye miezi yote hiyo ndiye aliyekuwa akienda kisimani na kuyasikia. Alilitazama godoro, akawatazama watu, akamtazama mumewe kwa kitambo. Kisha akamshika msichana mkono.

"Karibu ndani, mdogo wangu. Chumba chetu ni kikubwa, utalala na mimi." Akageuza kichwa kidogo tu. "Baba, ufunguo wa kule kwako uko msumarini."

Mama Pindo alirudi kwenye cherehani yake na habari ya kutosha baraza mpaka msimu wa mavuno. Inasemekana usiku ule kuku walilalamika kidogo, kisha wakasogea.